Unacheza kwa ukali kwenye blaindi ndogo na bado unapoteza? Tafuta dalili yako hapa

Hakuna kiti kwenye meza ya poka kinacholalamikiwa kama blaindi ndogo. Unaweka nusu ya dau la lazima (jirani yako wa kushoto, blaindi kubwa, anaweka zima) kabla hujaona karata, na flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, ikishafunguliwa wewe ndiye wa kwanza kuamua, kila raundi, hadi mwisho wa mkono. Mtu akiambiwa kwamba dawa ya kiti hiki ni ukali, anaanza kupandisha dau kushoto na kulia, na muda si mrefu anarudi na malalamiko yaleyale waliyokuja nayo waliomtangulia.

Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Utaona jambo moja linajirudia: watu wanalitafuta kosa kwenye riva (karata ya tano na ya mwisho ya mezani), pale walipozuga wakakamatwa, ilhali kosa lilifanyika kabla ya flopu, kwenye saizi ya dau au kwenye uchaguzi wa karata. Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza wa karibu kila dalili unaanzia huko.

Mifano yote ni ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, pesa taslimu, meza ya watu sita, blaindi 50 na 100, kila mchezaji akiwa na chipu 10,000. Herufi s baada ya karata ni alama moja (AKs ni ree na K zote za shupaza, kwa mfano), na o ni alama tofauti; 109s ni 10 na 9 za alama moja. Kuna jumla ya mikono 1,326 ya karata mbili, na nikisema "fungu" namaanisha sehemu ya mikono hiyo unayoichagua kucheza. Kupandisha tena ni kumpandishia mtu ambaye tayari amepandisha.

Dalili: Rekodi zinaonyesha kiti hiki kinakula chipu mwezi baada ya mwezi

Anza hapa, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba kila mtu hupoteza kwenye blaindi ndogo, hata wale wanaoishi kwa poka. Ukitupa karata kila mara bila hata kuziangalia, unapoteza chipu 50 kwa mkono, yaani 5,000 kwa kila mikono 100 uliyokaa kwenye kiti hicho. Huo ndio mstari wa kupimia. Ukipoteza 2,000 kwa mikono 100, ukali wako umekuokolea 3,000, na hiyo ni kazi nzuri. Faida ya mchezaji mzuri inatoka kwenye batani (kiti kinachosema mwisho baada ya flopu) na kiti kinachoitangulia. Kwenye blaindi anachofanya ni kupunguza hasara.

Sababu ya pili ni rekodi fupi. Ukicheza mikono 6,000 kwenye meza ya watu sita, blaindi ndogo umekaa mara 1,000 tu. Mtawanyiko wa kawaida wa matokeo ya mchezo huu huwa kati ya blaindi kubwa 80 na 100 kwa kila mikono 100. Maana yake, kwa mikono 1,000 rekodi yako inaweza kupotoka kwa karibu blaindi kubwa 30 kwa kila mikono 100, juu au chini, bila wewe kufanya kosa lolote wala jema lolote.

Kagua hivi: fungua programu ya kurekodi mikono, PokerTracker au Hold'em Manager (kama tovuti yako inaruhusu), chuja mikono ya blaindi ndogo pekee, kisha uipuuze safu ya faida na hasara. Angalia mwenendo: ni mara ngapi umefuata dau la mwingine, mara ngapi umepandisha, mara ngapi umetupa baada ya kupandishiwa. Namba za mwenendo hutulia haraka kuliko za pesa. Kama unacheza kasino na huna rekodi ya kompyuta, andika kwenye simu kila mkono wa kiti hiki uliouingia kwa hiari yako: karata, dau, nani alifuata.

Ukiona hasara imezidi chipu 5,000 kwa mikono 100 kwenye rekodi ndefu, basi kuna ugonjwa kweli. Kutupa kila kitu kungekugharimu pungufu ya hapo. Endelea kusoma.

Dalili: Batani anafungua, mimi nafuata kuona flopu, na pesa inaisha polepole

Kama ningeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu kwenye mchezo wa mtu, ningerekebisha hili.

Kwanza, bei inadanganya. Batani akipandisha hadi 250, unaongeza 200 kufuata. Blaindi kubwa akitupa, kitita (pesa zote za mezani) ni 600 pamoja na 200 zako, hivyo unaonekana unahitaji theluthi moja ya nafasi ya kushinda. Bei nafuu, si ndiyo? Lakini flopu ikionekana, nyumba (kasino au tovuti) inakata ada. Ada ya asilimia 5 ni chipu 30, na bei yako imepanda hadi asilimia 35. Halafu una mchezaji nyuma yako ambaye bado hajaamua: blaindi kubwa akipandisha tena, 200 zako zimekwenda bila kuona chochote. Na asipopandisha, utacheza raundi tatu ukiwa wa kwanza kusema dhidi ya mtu anayekuona unachofanya kabla ya yeye kuamua. Mkono wenye nafasi ya asilimia 40 kwenye karatasi hauvuni asilimia 40 ya kitita ukiwa umekaa hapo. Unavuna pungufu.

Pili, kufuata kunakuvua siri. Ukipandisha tena na karata zako bora na kufuata na za wastani, batani makini anajua tangu flopu kwamba aliyefuata hana jozi kubwa. Atakusukuma kwa madau mpaka uchoke.

Tatu, ni mazoea ya meza za kasino, ambako watu wengi huingia kuona flopu, na mtu anajisikia mnyonge akitupa A8o.

Marekebisho ni kufuta kabisa neno "nafuata" kwenye kiti hiki kwa muda wa kujifunza. Unapandisha tena au unatupa. Dhidi ya batani anayefungua (anayekuwa wa kwanza kupandisha) na mikono mingi, anza na fungu hili: jozi za 7 kwenda juu, A10s kwenda juu, A5s na A4s, K10s kwenda juu, QJs, Q10s, J10s, 109s, AJo kwenda juu, na KQo. Hesabu yake ni mikono 148 kati ya 1,326, karibu asilimia 11. Mengine yote tupa bila huruma, A8o ikiwemo.

Dhidi ya mchezaji wa kiti cha kwanza (anayesema wa kwanza kabla ya flopu), kanuni inabaki lakini fungu linasinyaa sana: jozi za 10 kwenda juu, AQs, AKs, AKo, KQs na A5s. Hizo ni mikono 58 tu. Wengi wanaolalamika kwamba "kupandisha tena hakufanyi kazi" ukiwauliza walimpandishia nani, jibu ni mtu wa kiti cha kwanza ambaye ana karata nzuri karibu kila anapoingia.

Usiishie kwenye karata. Pima saizi. Kupandisha tena hadi 750 kunampa batani deni la 500 kwenye kitita cha 1,100, kitakachokuwa 1,600 akifuata, yaani anahitaji asilimia 31 tu ya nafasi ya kushinda, na yeye ndiye wa mwisho kusema. Atafuata na kila kitu, na atakuwa sahihi. Pandisha hadi 1,000 na mahitaji yake yanapanda hadi karibu asilimia 36. Mimi napenda 1,100. Ukiwa wa kwanza kusema, dau lako la kabla ya flopu liwe kubwa kuliko lile ambalo ungeweka ukiwa wa mwisho. Mara nne ya dau lake, au zaidi kidogo, ni mwanzo mzuri. Kama kuna mtu amefuata katikati, ongeza dau moja zaidi la ukubwa huohuo: alipopandisha batani hadi 250 hakukuwa na mtu, lakini kiti cha kabla yake kikipandisha hadi 250 na batani akafuata, wewe nenda 1,300 hivi.

Ili usijidanganye, jua pia gharama. Kupandisha hadi 1,100 unahatarisha 1,050 kupata 400 zilizopo. Kama usingekuwa na karata kabisa, ungehitaji wote watupe asilimia 72 ya muda. Mara chache batani hutupa hivyo. Ndiyo maana A5s inafaa na Q4o haifai: A5s ikifuatwa bado ina mahali pa kwenda, na ree uliyoishika inapunguza mikono yake ya hatari. Jozi ya ree inabaki na njia 3 badala ya 6, na AK inabaki na 12 badala ya 16.

Dalili: Wote wametupa, napandisha, na blaindi kubwa ananifuata kila mara

Angalia kwanza unacheza wapi. Watu wengi wanajifunza kwenye programu za simu zenye chipu za bure. Chipu isiyo na thamani haiogopwi na mtu, hivyo hakuna anayetupa, na ukali unaotegemea watu kutupa hauwezi kujifunzwa hapo hata ukicheza mwaka mzima. Huhitaji pesa nyingi kuondoka kwenye tatizo hili: hata meza ya viwango vya chini kabisa, au kikundi cha marafiki wenye zawadi ndogo mwisho wa mwezi, hubadilisha tabia ya watu.

Kama hiyo si sababu, tazama saizi. Ukipandisha hadi 200, blaindi kubwa analipa 100 kwenye kitita cha 300. Anahitaji robo tu ya nafasi, na karibu karata zozote mbili zinafikia robo. Kwenye 250 anahitaji asilimia 30, kwenye 300 theluthi. Tumia 300. Unahatarisha 250 kupata 150, kwa hiyo akitupa zaidi ya asilimia 62.5 unapata faida hapohapo na karata zozote. Hatatupa kiasi hicho akiwa makini, na hilo si tatizo, kwa sababu anapofuata una fungu lililochaguliwa.

Hapo ndipo sababu ya tatu inapojificha. Je, lilichaguliwa? Anza na hili: jozi zote, ree na K yoyote ya alama moja, Q5s, J7s, 107s kwenda juu, 97s na 98s, 86s na 87s, 75s na 76s, 65s na 54s, kisha za alama tofauti A5o, K9o, Q9o na J9o kwenda juu, pamoja na 109o. Jumla ni mikono 486, karibu asilimia 37. Wachezaji wanaotumia programu za kukokotoa hufika asilimia 40 au 45 kwa kupandisha pekee, lakini mikono hiyo ya pembeni haina faida kwa mtu ambaye bado anajikwaa baada ya flopu.

Mwisho, kuna blaindi kubwa ambaye hatupi kitu, hata kwa pesa. Kwa huyo acha kuzuga. Pandisha hadi 400, punguza mikono dhaifu, na ukipata jozi ya juu (karata yako ikilingana na kubwa kuliko zote za mezani) weka madau makubwa raundi zote tatu. Ukali dhidi ya mtu asiyetupa ni kumtoza zaidi ukiwa na karata. Kumtisha ni kupoteza pesa.

Dalili: Nikipandisha, blaindi kubwa ananipandishia tena, natupa, na amejua

Ukaguzi ni wa dakika mbili. Andika ni mikono gani huwa unaendelea nayo. Wengi huandika jozi za J kwenda juu, AQ na AK. Hiyo ni mikono 56. Kama ulifungua mikono 486, umetupa asilimia 88.

Sasa itazame kwa macho yake. Anapandisha hadi 900, anaongeza 800 kupata 400 zilizo mezani. Anahitaji utupe theluthi mbili tu ili asipoteze. Wewe unatupa karibu tisa kati ya kumi. Hata akikata tamaa kila mara unapoendelea, anavuna wastani wa chipu 260 kila anapofanya hivyo, kwa karata zozote. Hapo si yeye mkali sana. Ni wewe uliyeacha mlango wazi.

Unatakiwa kubaki na theluthi moja ya fungu, mikono 160 hivi. Sehemu kubwa iwe ya kufuata: jozi za kati, AJs, A10s, KQs, KJs, QJs, J10s, AQo, KQo na mfano wake. Ndiyo, hapa kufuata kunaruhusiwa, kwa sababu hakuna mtu nyuma yako na kitita kimeshakuwa kikubwa. Sehemu ndogo ni ya kupandisha kwa mara ya tatu, hadi 2,200 hivi: jozi za Q kwenda juu na AK kwa nguvu, A5s hadi A2s kwa kuzuga.

Kama ukijaribu kutetea theluthi nzima unajikuta huna raha na nusu ya mikono hiyo, usijilazimishe. Fungua mikono michache zaidi mwanzoni. Fungu dogo linalotetewa vizuri lina thamani kuliko fungu pana linaloporwa.

Kuna hali moja ya kutofanya lolote kati ya haya: blaindi kubwa mtulivu, ambaye kwa saa mbili amepandisha tena mara moja tu na akaonyesha jozi ya K. Mtupie karata zako na usonge mbele.

Dalili: Napandisha tena kabla ya flopu, nafuatwa, kisha sijui niweke dau au nipite

Ulipandisha hadi 1,100 na batani akafuata: kitita sasa ni 2,300 na umebakiwa na 8,900. Wengi hufanya moja ya mambo mawili: wanaweka dau kubwa kila flopu kwa sababu "mimi ndiye niliyeanza", au wanapita (wanabaki bila kuweka dau wala kutupa) kila flopu ambayo hawakuigusa.

Jiulize kwanza flopu ni ya nani. K-7-2 za alama tatu tofauti ni yako. Wewe ndiye mwenye jozi za ree na K na AK zote. Batani angekuwa nazo, nyingi angezipandisha tena badala ya kufuata. Weka dau dogo, kama 750, theluthi moja ya kitita, na karibu fungu lako lote. Dau hilo linahitaji atupe robo tu ya muda, na kwenye flopu kama hiyo anatupa zaidi ya robo.

Flopu ya 8-7-6, hasa yenye karata mbili za alama moja, ni yake. Yeye ndiye aliyefuata na 98s, 66 na 87s, wakati fungu lako limejaa AK na AQ ambazo hazijagusa chochote. Hapo pita mara nyingi, na pita hata na baadhi ya jozi zako kubwa, ili kupita kwako kusimaanishe udhaifu kila mara. Akiweka dau, sehemu ya mikono hiyo mpandishie. Watu husahau kwamba kupita kisha kumpandishia ndiyo silaha kali kuliko zote ya mtu anayesema kwanza.

Kuna flopu za katikati, kama Q-9-4, na kwa hizo siwezi kukupa kanuni ya mstari mmoja. Chagua: dau la nusu kitita na jozi ya juu, na mikono inayosubiri mfuatano au flashi. Pita na zilizobaki.

Kasoro nyingine inayojirudia, hasa kwenye vita vya blaindi mbili pekee, ni kuweka dau flopu moja kisha kunyamaza. Kitita ni 600, unaweka 200, anafuata, tani (karata ya nne ya mezani) inakuja, unapita, anaweka dau, unatupa. Mpinzani hahitaji zaidi ya siku moja kuliona hilo. Kabla hujaweka dau la flopu, jua ni tani zipi utaendelea nazo. Flopu ikiwa 9-5-2, tani ya ree, K au Q inafaa fungu lako zaidi ya lake, kwa hiyo endelea, kwa dau kubwa zaidi, robo tatu ya kitita. Tani ya 6 au 4 mwachie.

Ukiwa umefika riva na unataka kuzuga kwa chipu zote, fanya ukaguzi mmoja wa mwisho: taja mikono mitatu ambayo mpinzani huyu, siyo mpinzani wa kwenye vitabu, anaweza kuitupa. Ukishindwa kuitaja, pita.

Dalili: Nimefuata fungu la kwenye video neno kwa neno na napata kipigo

Karibu kila mara fungu ni sahihi na mchezo ndio tofauti.

Kosa kubwa linatokana na mchezo wa watu wawili. Watu wakibaki wawili mezani, blaindi ndogo ndiye anayekaa batani. Anasema wa kwanza kabla ya flopu, na baada ya hapo anasema wa mwisho. Kwa hiyo fungu lake ni pana mno, zaidi ya asilimia 80 ya mikono. Mtu analiona jedwali limeandikwa "blaindi ndogo", analipeleka kwenye meza ya watu sita, na anaingia na J3s akiwa wa kwanza kusema. Kabla ya kunakili jedwali lolote, hakikisha idadi ya watu mezani.

La pili ni mashindano. Kwenye mashindano mengi blaindi kubwa huweka pia ante (dau la ziada la lazima) ya chipu 100, hivyo kitita kinaanza na 250 badala ya 150. Kupandisha hadi 300 sasa kunahitaji atupe nusu tu. Na kukamilisha blaindi kwa kuongeza 50 kunahitaji chini ya asilimia 17 ya nafasi ya kushinda. Kila kitu kinafunguka. Ukibakiwa na blaindi kubwa 10, mchezo unageuka tena: ama unasukuma chipu zote au unatupa, na jedwali la Nash (la hesabu za kusukuma au kutupa) linasukuma karibu asilimia 58 ya mikono hata pasipo ante. Ukisukuma hivyo ukiwa na blaindi 100 kwenye meza ya pesa, utafilisika.

Hapa pia ndipo mabishano ya kukamilisha blaindi yanapotokea. Mwalimu mmoja anasema ni mwiko, mwingine anafanya kila mara. Mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakishirikiana na Facebook, walitangaza Pluribus, programu iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, mikono 10,000 katika siku 12. Blaindi zilikuwa 50 na 100, chipu 10,000, kama mfano wetu. Pluribus ilijifundisha kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, na ilithibitisha kwamba kuingia kwa kufuata blaindi ni vibaya kwa kila kiti isipokuwa blaindi ndogo, ambaye tayari ameweka nusu. Kwa hiyo wanaokamilisha wana hoja. Ushauri wangu kwa anayejifunza kwenye meza ya pesa yenye ada unabaki kupandisha au kutupa, kwa sababu mkono ukiisha kabla ya flopu nyumba nyingi hazikati kitu, na kwa sababu kukamilisha vizuri kunadai ujuzi wa baada ya flopu ambao bado unaujenga. Wengine wakiwa wameshaingia kwa kufuata mbele yako, hapo kamilisha na karata za alama moja na jozi ndogo, na pandisha hadi 600 hivi na zile bora.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, programu za kukokotoa kama PioSOLVER na GTO Wizard zitakuonyesha fungu kwa kila hali. Zitumie baada ya mchezo. Kuzifungua wakati unacheza ni marufuku kwenye tovuti kubwa kama PokerStars, na akaunti hufungwa. Na anayekuuzia kwenye WhatsApp au Telegram programu ya "kuona karata za wengine" ni tapeli. Usimtumie pesa wala nywila. Mwalimu wa kweli anaanza kwa kukuomba rekodi ya mikono yako. Mtafute pale ambapo umeshasahihisha saizi na mafungu, una maelfu ya mikono, na bado dalili ileile inarudi.

Dalili: Ukali umetoka kwenye hesabu umeingia kwenye hasira

Unapoteza kitita kikubwa, na mkono unaofuata unapandisha tena na 94o kwa sababu "haiwezekani nishindwe tena". Kagua rekodi ya saa moja kabla na saa moja baada ya hasara kubwa. Kama asilimia ya kupandisha imepanda ghafla, marekebisho yote ya hapo juu hayatakusaidia leo.

Sababu nyepesi ni uchovu, njaa, pombe au muda mrefu mezani. Weka mpaka kabla ya kukaa: ukipoteza chipu za kuanzia mara tatu, unaondoka. Sababu nzito kidogo ni kucheza na pesa inayohitajika nyumbani. Kiwango kinachokubalika na wengi ni kuwa na akiba ya poka inayotosha kukaa mezani mara 30 hadi 50, iliyotengwa kabisa na kodi ya nyumba, ada ya shule na chakula. Na cheza tu mahali penye leseni, kama umetimiza umri wa kisheria. Tanzania ni miaka 18, na wanaotoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Simama kabisa, acha kusoma mbinu, ikiwa unaona haya: unakopa ili ucheze, unamficha mwenzi wako kiasi unachopoteza, unarudi kesho yake kufukuza hasara ya jana, unaongeza viwango ili upate msisimko uleule, au umejaribu kuacha ukashindwa. Hili si tatizo la blaindi ndogo. Shirika la Afya Duniani linalitambua kama ugonjwa wa tabia za uraibu, na unatibika. Nenda kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mirembe iko Dodoma, Mathari iko Nairobi. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni kamari na ni kiasi gani, asije akatibu usingizi na mawazo peke yake. Kikundi cha Gamblers Anonymous, kilichoanza Los Angeles mwaka 1957, kina mikutano ya mtandaoni. Siku hiyohiyo iombe tovuti ikufungie akaunti kwa muda mrefu iwezekanavyo, na laini ya simu yenye pesa mkabidhi mtu unayemwamini mpaka utakapopata miadi.